Neno la Mhariri: Hiari ya Nani?

Mjadala wa tohara ya wanaume katika Afrika Mashariki umekwama kwenye asilimia 60, yaani makadirio ya jinsi tohara inavyompunguzia mwanamume uwezekano wa kuambukizwa Virusi vya UKIMWI na mwanamke, kama yalivyotokana na majaribio ya Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu (Kenya) na Rakai (Uganda). Toleo hili halifukui upya suala hilo, kwa kuwa matokeo hayo ni imara. Linalokera ni kwamba ushahidi uliopatikana kwa watu wazima uligeuzwa kibali cha kuwatahiri watoto, na neno moja la Kiswahili likatumika kuusitiri mgeuko huo.

Neno lenyewe ni hiari. Tangu Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walipoipendekeza huduma ya tohara mwaka 2007, imekuwa ikinadiwa kuwa tohara ya kitabibu ya hiari. Hiari ni uwezo wa mtu kutenda au kukataa pasipo kushurutishwa, ilhali ridhaa ni kulikubali jambo lililoletwa na mwingine. Mzazi anaweza kuridhia kwa niaba ya mwanawe, lakini hakuna awezaye kuwa na hiari kwa niaba ya mwenzake. Wanaume 2,784 wa jaribio la Kisumu walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 24, na walijiunga baada ya kuelezwa na kukubali wenyewe. Programu zilizofuata, zikisukumwa na malengo ya idadi, ziliwapokea kwa wingi wavulana wa miaka 10 hadi 14, ambao wengi wao hawakuwa wameanza ngono na hivyo hawakuwa na haraka yoyote ya kukingwa. Ilipofika mwaka 2020 ndipo mwongozo wa Shirika ulipoielekeza huduma kwa wenye miaka 15 na zaidi, kwa kuzingatia uwezo wa kuridhia na pia usalama, maana fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo nje ya njia yake, iliwapata zaidi wavulana wadogo. Jando, pamoja na ukali wake wote, lilikuwa kweli zaidi, kwani halikumwambia mwari kwamba amechagua.

Kati ya makala za toleo hili, ile ya Waluo, ambao alama yao ya jadi ilikuwa kung'oa meno sita ya chini wala si tohara, inajitosheleza. Ile ya hukumu ya mahakama ya Cologne, Ujerumani, ya mwaka 2012 kuhusu kutahiri watoto itawafaa wanasheria.

Makala ya urejeshaji wa govi nusura iachwe, kwa kuwa mpitiaji mmoja aliiona kuwa anasa ya Wazungu wa leo, kana kwamba Celsus, mwandishi wa tiba wa Kirumi wa karne ya 1, hakuueleza upasuaji wa aina hiyo, au Paulo hakuwakataza Wakorintho kuifuta tohara yao. Njia ya sasa ni kuivuta ngozi iliyobaki kwa plasta au vizito kwa miaka kadhaa, hadi seli zizaliane na ngozi irefuke kiasi cha kukifunika kichwa cha uume. Ncha za neva zilizoondolewa pamoja na utando wa ndani hazirudi. Kwa sababu hiyo mhariri alipendekeza istilahi "urefushaji wa ngozi", mwandishi akakataa, na "urejeshaji" umebaki katika toleo hili kwa ridhaa ya mhariri, si kwa hiari yake.