Mtoto akirudi nyumbani baada ya kuzibuliwa njia ya machozi

Wazazi wa Kolandoto na vijiji vya Shinyanga wanalijua jicho la mtoto linalolengalenga machozi na kujaa tongotongo kila asubuhi. Mara nyingi njia ya machozi inayoshuka puani haijafunguka. Watoto wengi hupona kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Asiyepona hupewa nusukaputi, na daktari hupitisha kifaa chembamba kuizibua njia hiyo. Ni kazi ya dakika chache. Inayobaki ni yako, mzazi.

Siku ya kwanza mtoto anaweza kusinzia au kutapika kidogo. Mpe maziwa au uji mwepesi kidogo kidogo. Machozi au makamasi yenye damu kidogo kwa siku moja mbili yasikutie hofu. Hata machozi kuendelea kutoka kwa siku kadhaa ni kawaida.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa jicho. Futa tongotongo kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka upande wa pua kwenda nje, kisha itupe. Dawa ya matone weka kwa siku zote ulizoambiwa, hata jicho likionekana zuri. Ncha ya chupa isiguse jicho, na chupa hiyo asitumie mtu mwingine.

Shida huanza wageni wakija kumwona mgonjwa. Huyu ataleta majani ya kukamulia jichoni, yule atashauri maziwa ya mama au mkojo. Nia yao ni njema, lakini vitu hivyo vinaweza kuingiza vijidudu na kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho. Kikipona huacha kovu jeupe, na mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho ambalo awali lilitoa machozi tu.

Kumkatalia mama mkwe si rahisi. Mwambie kwa heshima, "Mama, daktari amekataza kuweka kitu kingine mpaka turudi kliniki." Kisha mwombe amshike mtoto mikono wakati unaweka dawa. Atakuwa mlinzi wako.

Mtoto asikae jikoni kwenye moshi wa kuni, na vumbi la kiangazi mwepushe nalo. Kama amewekewa kijimrija laini na ukakiona kimechomoza kwenye kona ya jicho, usikivute wala kukikata. Kibandike kwa plasta pembeni ya pua, mrudishe hospitali.

Mrudishe haraka pia akipata homa, uvimbe mwekundu kati ya jicho na pua, usaha mwingi, au damu isiyokata. Na mtoto yeyote mwenye machozi anayekimbia mwanga, au mwenye jicho lililokuwa kubwa au lenye ukungu, asisubiri kutimiza mwaka. Huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine unaopofusha.

Tarehe ya kurudi kliniki usiikose, hata kama jicho limekauka.