Piazzolla na Tango: Je, Aliacha Mila?

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwafunga midomo wasanii wanaothubutu kujifunza kwa wageni. Maisha ya Astor Piazzolla (1921–1992), mtunzi wa muziki wa Argentina, yadhihirisha kwamba tafsiri hiyo ni finyu.

Tangu 1939 Piazzolla alipiga bandoneoni, kinanda cha mivukuto kishikwacho mikononi, katika okestra ya Aníbal Troilo iliyowachezesha watu dansi ya tango jijini Buenos Aires. Baadaye alisomea utunzi kwa Alberto Ginastera, akavutiwa na Bach, Stravinsky na Bartók, hata akaionea tango haya. Mwaka wa 1954 alikwenda Paris kusoma kwa Nadia Boulanger, akamficha kwamba alikuwa mpiga tango. Mwalimu huyo alizikagua kazi zake za kiklasiki, asimwone mwenyewe ndani yake. Alipomsikia akipiga tango kwenye piano, alimwambia kuwa huyo ndiye Piazzolla wa kweli.

Aliporejea Argentina mwaka wa 1955 aliunda kikundi cha watu wanane, na mnamo 1960 kikundi cha watano: bandoneoni, fidla, piano, gitaa la umeme na besi. Humo kila ala ilijisemea, kama washairi wanaojibizana. Fuga, utunzi wa Ulaya ambamo sauti moja hutanguliza wazo na nyingine zikalidaka kwa zamu, ikabeba mdundo na majonzi ya Buenos Aires.

Wahafidhina waliteta kwamba hiyo si tango. Hoja yao haikosi uzito: sanaa iliyokulia kwenye dansi ikihamia ukumbi wa kuketi na kusikiliza, hupoteza sehemu ya umma wake. Hata hivyo, bandoneoni waliyoienzi ilitoka Ujerumani, na midundo ya awali ya tango ilichangiwa na Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Mila waliyoilinda ilikuwa yenyewe zao la mchanganyiko.

Wanaoufahamu mgogoro wa ushairi wa mapokeo na ushairi huru wa Kiswahili wataitambua hoja hii. La msingi si kama msanii amekopa, bali kama alichokikopa kinaitumikia sanaa yake au kinaimeza. Piazzolla aliukaribia utumwa alipoificha tango yake mbele ya mwalimu, si alipojifunza fuga.