Mwongozo Unaosomwa na Mashine

Kifaa cha kufuatilia mawasiliano ya kivinjari huonyesha kila ombi linalotoka kwenye ukurasa kwenda kwa seva, na kila jibu linalorudi. Huorodhesha anwani, namba ya jibu, muda uliotumika, na vichwa vya ombi vinavyobeba vidakuzi na tokeni za utambulisho. Kwa miaka mingi wasomaji wake walikuwa waundaji wa tovuti. Sasa wameongezeka mawakala wa akili unde, yaani programu zinazopewa kazi kwa maneno ya kawaida, zikafungua kivinjari na kuitekeleza zenyewe. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya MCP ya kuunganisha programu hizo na vifaa vya nje. Mwaka 2025 Google ikaitumia kuwafungulia mawakala zana za uundaji za Chrome, ikiwemo ya kuorodhesha maombi na ya kusoma ombi moja kwa kina. Suala lililozuka ni la mwongozo wanaopewa mawakala hao: useme nini, na nini kisiachiwe maneno matupu?

Uzito wa suala hili huonekana Wang'uru, mji wa soko la mpunga wa Mwea, kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya. Katika saiba, yaani vibanda vya intaneti, za mji kama huu mkulima huketi kando ya mhudumu, akamtajia namba ya kitambulisho na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, naye akamjazia ritani ya kodi kabla ya Juni 30 au kumwombea huduma kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kazi ya kujaza fomu ileile kwa watu tofauti ndiyo hasa inayoelekea kukabidhiwa mawakala. Ukurasa ukikwama wakati wa kulipa, mhudumu humuuliza mteja kama simu imemtaka aweke namba ya siri ya M-Pesa. Wakala hana wa kumuuliza. Ana orodha ya maombi tu.

Orodha hiyo hupotosha isipofafanuliwa. Namba 401 huonyesha kwamba utambulisho haukukubaliwa. 503, kwamba huduma haipatikani kwa sasa. Namba 200 ina maana kwamba seva imelipokea ombi na kulijibu, basi. Malipo huenda bado yanasubiri kidole cha mteja, au kosa limeandikwa ndani ya jibu lenyewe. Ni kama katika skimu ya umwagiliaji ya Mwea: maji ya mito ya Nyamindi na Thiba huingia mifereji mikuu, yakagawanywa kwenye matawi hadi mashambani. Kimo cha maji langoni huthibitisha kwamba mfereji umepokea; shamba la mwisho huko chini laweza kuwa bado kavu. Mwongozo ukisema tu kwamba 200 ni sawa, wakala atatangaza malipo ambayo hayajafanyika. Na usipoeleza cha kufanya ombi linapokosa jibu, atabofya tena, mkulima adaiwe mara mbili. Binadamu akikuta pengo kwenye maelezo huuliza jirani. Wakala huliziba kwa kukisia. Kwa hiyo mwongozo mzuri hutaja maana ya kila ishara, mipaka ya maana hiyo, na mahali pa kusimama. Vilevile huwa mfupi: ukurasa mmoja waweza kutuma mamia ya maombi, hivyo wakala aelekezwe kuchuja kwanza, kisha kusoma.

Upande wa pili ni siri. Oktoba 2023 ilifichuka kwamba wavamizi wameingia kwenye mfumo wa huduma kwa wateja wa kampuni ya Okta na kusoma faili za HAR, yaani rekodi za mawasiliano ya kivinjari zilizotumwa na wateja. Ndani yake mlikuwa na tokeni zinazoweza kumfungulia mtu akaunti bila nywila. Baadaye Chrome ilianza kuondoa vidakuzi na vichwa vya idhini kwenye faili hizo bila kuombwa. Wakala anayesoma vichwa vyote huzipeleka siri hizohizo kwa seva ya modeli ya akili unde inayomwendesha, ambayo mara nyingi iko nje ya nchi.

Waundaji hujibu kwamba kumficha wakala siri hizo huzuia uchunguzi, kwani hitilafu ya kuingia huweza kuwa kwenye kidakuzi chenyewe. Hoja hiyo ina ukweli, ila haihitaji kila kitu kiachwe wazi. Jina la kidakuzi na muda wake wa kuisha hutosha mara nyingi. Thamani yake afunguliwe binadamu. Tena ufichaji ukae ndani ya kifaa. Sentensi ya mwongozo ni ombi, na wakala aweza kuipuuza, hasa jibu la seva likiwa limepachikwa maneno ya kumwelekeza kwingine.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 hutaka data binafsi ibaki ile inayohitajika tu, na uvujaji wenye hatari ya madhara uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Inawataja mdhibiti wa data, anayeamua itumikeje, na mchakataji, anayeishughulikia kwa niaba yake. Wakala si mmoja wao. Mwenye saiba anayemtuma wakala hubaki na wajibu kwa mkulima. Ndiyo maana mwongozo unahitaji pia ukurasa wa Kiswahili, unaomweleza huyo mwenye saiba ni nini hasa wakala wake anaona.