Kadi ya chama si ruhusa ya kutibu ng'ombe

Juzi mama mmoja kanipigia simu: ng'ombe wake wa maziwa kachomwa sindano, siku ya tatu kafa. Aliyemchoma simu haipatikani. Nikamuuliza, mama, cheti chake ulikiona? "Ndiyo, alinionyesha kadi ya chama."

Hapo ndipo tunapochanganya mambo. Chama cha Madaktari wa Mifugo Tanzania ni cha wanataaluma wenyewe. Wanajiunga, wanalipa ada, wanakutana kwenye makongamano, wanatetea maslahi yao. Kazi nzuri, na mimi nafaidika na mafunzo yao. Lakini chama hakimpi mtu ruhusa ya kutibu, wala hakiwezi kumnyang'anya. Mwenye rungu hilo ni Baraza la Veterinari Tanzania, chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003. Ndilo linalosajili madaktari na kuwaandikisha wasaidizi wao, na ndilo linaloweza kumfuta mtu kwenye daftari. Chama kikimfukuza, anakosa kongamano tu. Baraza likimfuta, hana haki ya kushika sindano.

Najua kijijini hakuna wa kuchagua, anayekuja na pikipiki ndiye daktari. Bado muulize namba yake ya usajili wa Baraza kabla hajafungua mkoba, uiandike pamoja na jina la dawa. Ng'ombe akidhurika, andika malalamiko uyapeleke kwa daktari wa mifugo wa wilaya, yafike Baraza.