JENEZA NA BAHASHA HAVIFUNGI DOSYE

Wandugu wa Lubondja, wa Baraka, wa Fizi, na ninyi wote mnaotusoma toka Uvira mpaka kambi ya Nyarugusu,

Tumechoka kusikia neno lile lile kwenye kila kilio: "Ni mapenzi ya Mungu." Kamioni ya breki mbovu inashuka mlima na watu wamekaa juu ya magunia: mapenzi ya Mungu. Boti inatoka mwaloni imejaa mpaka maji yanagusa ukingo: mapenzi ya Mungu. Shimo la dhahabu linaanguka, wakati kila mtu aliona ukuta umepasuka tangu juzi: mapenzi ya Mungu. Mama anamwaga damu usiku kucha, na mwenye zamu hayupo: mapenzi ya Mungu.

Sisi ni watoto wa waumini, na Mungu tunamheshimu. Ndiyo maana tunakataa wamtupie Yeye kosa la mtu aliyekataa kununua breki.

Mnajua vizuri jinsi inavyokwenda. Siku ya kwanza mwenye chombo hapatikani kwa simu. Siku ya pili anatuma jeneza. Siku ya tatu, watu wakiwa bado kwenye matanga, anafika na wazee wawili, mtu mmoja wa uniforme na bahasha. Kunatoka gunia la mchele, katoni ya sabuni, pesa kidogo. Halafu kunatoka karatasi. Mjane ambaye hajalala siku tatu anaambiwa: "Mama, weka kidole hapa, ni ya kuonyesha tu kama tumekusaidia." Hakuna anayemsomea. Kumbe ndani imeandikwa kwamba familia imeridhika na haitadai kitu tena.

Hiyo siyo rambirambi. Hiyo ni biashara, na muuzaji hajui anauza nini.

Tunasema wazi: kufa kwa mtu kwa uzembe wa mwingine ni kosa mbele ya sheria ya Kongo. Jeneza halifuti kosa hilo, na bahasha haifungi dosye.

Upepo hauna hatia

Tuangalie tulikotoka. Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, gari la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu, likawaka. Walikufa watu zaidi ya 230. Maneno yaliyozunguka haraka yalikuwa gani? Eti walikwenda kuchota mafuta. Ni kweli wengine walichota. Lakini wengine walikuwa wamekaa wanatazama mpira wa Kombe la Dunia, moto ukawafuata hapo hapo. Lawama ikawaangukia marehemu, na marehemu hajibu. Maswali ya maana yalikuwa mengine: gari la nani, liliendeshwa namna gani, bima yake iko wapi, na nani alipaswa kuwazuia watu wasikaribie?

Mwezi wa kumi na mbili 2014, boti MV Mutambala ilizama ndani ya Tanganyika, upande wa Kalemie. Lilibeba jina la mto wetu na sekta yetu. Viongozi walihesabu maiti 129. Wakataja upepo, wakataja pia mzigo kupita kiasi. Upepo haujazi boti, wandugu. Mzigo unapakiwa na mtu, mbele ya macho ya mtu mwingine aliyelipwa ili aseme "basi, imetosha".

Na tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na mwalo wa Kituku, Goma, mbele ya watu waliokuwa wanawasubiri wandugu zao. Gavana wa Sud-Kivu alisema ndani mlikuwa watu 278.

Miaka 14 imepita kati ya Sange na Kituku. Idadi ya maiti tunaikumbuka. Mwenye kosa ndiye tunayemsahau, na ndiyo sababu kosa linarudi.

Sheria inasema nini

Kodi penali yetu, artikle 52 na 53, inaongea juu ya mtu aliyeua bila kukusudia, kwa sababu hakutazama mbele au hakuchukua tahadhari. Adhabu yake ni gereza toka miezi mitatu mpaka miaka miwili, pamoja na faini. Haiulizi kama alikuwa na roho mbaya. Inauliza kama alifanya kile ambacho mtu mwangalifu angefanya.

Kodi sivili, kitabu cha tatu, artikle 258, inasema kwamba anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima airekebishe. Artikle 259 inaongeza: hata kama ni kwa uzembe tu. Halafu 260, ambayo mabosi hawaipendi, inasema bwana wa kazi anajibu kwa makosa ya mtu aliyemtuma, wakati yuko kazini. Kwa hiyo wasiwatupie dereva peke yake, kijana wa watu asiye na hata baiskeli. Mwenye kamioni anajibu. Mwenye boti anajibu.

Kutokana na hapo familia iko na milango, na siyo mmoja.

Mlango wa kwanza ni parke. Familia inapeleka mashitaka kwa OPJ au moja kwa moja kwa prokirere. Kosa hili halingoji ruhusa ya familia: hata kama wote wamesamehe, serikali bado inaweza kumfuata mkosaji. Kama dereva au mwenye kosa ni askari wa jeshi, dosye inakwenda kwa oditora ya kijeshi.

Mlango wa pili ni kuingia ndani ya kesi hiyo kama parti sivili, maana yake upande unaodai fidia. Jaji anamhukumu mkosaji, na hapo hapo anaamua familia ilipwe nini: aliyekuwa analisha nyumba, watoto aliowaacha shuleni, gharama ya mazishi, uchungu wenyewe.

Mlango wa tatu unajulikana na wachache. Kama parke inalala, familia inaweza kumwita mkosaji yenyewe, moja kwa moja, mbele ya tribinale ya amani. Sheria ya mwaka 2013 juu ya tribinale inaipa hiyo uwezo wa kuhukumu makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka mitano. Hili letu limo.

Mlango wa nne ni kesi ya sivili peke yake: kudai fidia bila kutafuta gereza la mtu.

Tena kuna pesa zingine ambazo watu wanaziacha mezani. Gari linalotembea barabarani linalazimishwa na sheria kuwa na bima ya kulipa watu litakaowaumiza: ulizeni namba ya bima kabla ya kuuliza bahasha. Na kama marehemu alikufa kazini, akiwa ameandikishwa CNSS, wajane na mayatima wako na haki yao kule.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanaanguka. Kwa kosa hili, parke ina miaka mitatu tu, kuhesabu toka siku ya tukio. Ikipita bila mtu kufanya kitu, mlango wa penali unafungwa. Wenye pesa wanalijua hilo. Anapokuambia "tutaonana kisha mavuno", anahesabu.

Kwa wale wanaotupinga

Mzee mmoja atatuambia: ninyi vijana mnataka kuharibu amani ya kijiji, sisi tunamaliza mambo kwa lubunga. Mzee wetu, lubunga tunaiheshimu. Ni pale tulipofundishwa kuongea. Lubunga inaweza kufariji, inaweza kuzuia kisasi kati ya familia mbili, inaweza hata kushuhudia msaada wa mazishi. Lakini haina ruhusa ya kumfungia mjane mdomo. Amani ambayo analipa mtu mmoja tu, tena yule aliyefiwa, siyo amani.

Mwingine atasema: vita iko vilimani, ninyi mnaongea artikle? Ndiyo, vita iko, tunaijua kuliko anayetuuliza. Lakini risasi siyo iliyojaza boti. Vita siyo iliyomwondoa mwenye zamu kwenye zamu yake. Watu wetu wakikimbia vita halafu wafe kwa breki mbovu, tusiandike vita kwenye msalaba wao.

Mwingine atasema: justisi ni ya wenye pesa. Karibu ni kweli, na hapo hatumbishii. Toka Lubondja kushuka Baraka, halafu Uvira, ni nauli, ni chakula, ni siku za shamba zinazopotea. Lakini tuangalie Kenya. Tarehe 9 mwezi wa tano 2018, bwawa la Solai lilipasuka likaua watu karibu 50. Wenye bwawa na maofisa walishitakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mwezi wa pili 2020, tribinale ya Naivasha iliwaachilia, kwa sababu upande wa mashitaka haukusukuma kesi yake. Baadaye Mahakama Kuu iliamuru ianze upya. Hata kule, penye barabara na avoka wengi, dosye inakufa ikiachwa. Na iliyokufa ikafufuliwa. Basi dawa ya justisi nzito siyo kuikimbia. Ni kuisukuma wengi.

Na kwa sisi wenyewe vijana: tuache kuchoma. Ajali ikitokea, mbio yetu ya kwanza ni petroli na kiberiti. Gari likichomwa, breki mbovu imechomwa pamoja nalo, na karatasi ya bima pia. Kuchoma gari ni kumchomea mwenye kosa ushahidi. Na dereva akipigwa mpaka afe, kesi inageuka: sisi ndio tunatafutwa, na mwenye gari anakuwa mfiwa.

Siku ya tukio, tufanye hivi

Toa simu upige picha: namba ya gari au jina la boti, mzigo, matairi, shimo, barabara. Andika majina ya walioona na namba zao, wakiwa bado na kumbukumbu. Dai OPJ aandike PV, na mwombe namba yake. Omba karatasi ya daktari inayosema mtu amekufa na nini, kabla ya mazishi. Tunza kila risiti.

Msaada wa jeneza pokeeni, hakuna aibu, maiti lazima izikwe. Karatasi msisaini. Na kama mtu anataka kuandika, iandikwe hivi tu: "msaada wa mazishi, bila kuondoa haki ya familia kudai". Akikataa maneno hayo, mmeshajua alikuja kutafuta nini.

OPJ akisema mlipe au mpokee faini ya kupatana ili aifunge, mkumbusheni: hiyo ni ya makosa madogo ambayo yangeishia kwenye faini. Mtu aliyekufa siyo kosa dogo.

Nauli tuchangie. Tunachanga kwa ndoa, tunachanga kwa mpira. Franka 500 ya kila kijana inaweza kumfikisha mjane mbele ya jaji.

Tunachodai

1. Parke ifungue dosye yenyewe kwa kila kifo cha barabarani, cha ziwani, cha shimoni na cha hospitalini chenye harufu ya uzembe, bila kungoja familia ije na pesa ya karatasi na ya mafuta ya pikipiki.

2. Majaji waje kwetu. Mwaka 2011 korti ya kijeshi ilikuja Baraka, ikahukumu ubakaji uliofanyika Fizi tarehe 1 mwezi wa kwanza, na kabla mwezi wa pili haujaisha luteni-kanali alikuwa amepewa miaka 20. Basi inawezekana. Korti iliyotembea kwa ajili ya kosa lile itembee pia kwa ajili ya hili, na ifike mpaka Lubondja.

3. Familia maskini ipewe karatasi ya umaskini bila kuzungushwa, na baro itume avoka wa bure kama kazi yake inavyoitaka.

4. Kila huduma inayokula takse mwaloni na kwenye barieri ijibu pamoja na mwenye chombo. Ukipokea pesa ya kuruhusu boti kutoka, umepokea pia jukumu la waliomo. Orodha ya abiria na jile kwa kila mtu, au boti isitoke.

5. Mashefu na makomanda watoke kwenye biashara ya bahasha. Tutakayemwona anamshika mjane kidole, tutamshitaki na yeye kwa wakubwa wake, kwa maandishi.

Katiba ya 2006, artikle 16, inasema mtu ni mtakatifu, na serikali iko na lazima ya kumheshimu na kumlinda. Haikusema mtu wa Kinshasa. Mtu aliyekaa juu ya gunia la muhogo toka sokoni Lubondja ni mtakatifu pia.

Shirikisheni ujumbe huu kwenye magrupu ya familia, ya kanisa, ya msikiti, ya motari. Usomwe kwa sauti kwa wale wasiosoma. Na kwenye kilio kitakachofuata, Mungu apishe mbali, mmoja wetu akae karibu na mama wa marehemu, na karatasi ikitoka aseme tu: "Tusomee kwanza."

Jeneza tumepokea. Dosye iko wazi.

Sisi vijana wananchi wa Lubondja