Kosa Lisilo na Kifungu

Barua ya wazi kwa Msimamizi wa Teritwari ya Mutshatsha, Jimbo la Lualaba. Nakala kwa mashefu na kwa makamanda wa polisi wa teritwari

Katika sheria za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hakuna kifungu kinachomwadhibu mtu mzima kwa kumpenda mtu mzima mwenzake wa jinsia moja naye. Kanuni ya Adhabu ya 1940 haikuwa nacho, na sheria ya Julai 20, 2006, iliyoandika upya vifungu vya ukatili wa kingono, haikukiongeza. Tangu 2010 miswada ya kukiweka imepelekwa Bungeni Kinshasa, ikaishia njiani. Mitaani jambo hili halijulikani sana, na wapo wanaokula kwa sababu halijulikani.

Kinachotumiwa badala yake ni kifungu cha 176 cha Kanuni hiyo, kinachohusu kuvunja heshima hadharani, chenye kifungo cha siku 8 hadi miaka 3. Uzito wote wa kifungu umo katika neno hilo moja, hadharani. Chumba kilichofungwa si hadharani, wala simu iliyo mfukoni mwa mwenyewe.

Mambo huenda namna moja karibu kila mahali yanapotokea. Kijana anashikwa kwenye baa au nyumbani kwake, anaambiwa afungue simu, na ujumbe mmoja unasomwa kwa sauti mbele ya waliopo. Faili haifunguliwi, inatajwa bei. Huitwa amandi, yaani faini, lakini amandi hiyo haina risiti. Mama anakimbilia wenzake wa likelemba, wale wanaochangiana fedha kwa zamu, anaomba apewe zamu isiyo yake, anarudi na noti zimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Jua halijazama, mtoto ametoka kasho, na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba aliingia. Kesho yake mwenye nyumba amekwisha kusikia, na kitanda kiko nje.

Hatua nyingi za safari hiyo zimekatazwa na Katiba ya Februari 18, 2006. Ibara ya 17 inasema hakuna anayeweza kushitakiwa kwa tendo ambalo si kosa kisheria. Ibara ya 18 inataka aliyekamatwa aambiwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa, na asizuiliwe polisi zaidi ya saa 48. Ibara ya 29 inalinda nyumba, na ya 31 inalinda maisha ya faragha pamoja na siri ya mawasiliano, kwa hiyo simu ile ya baa haikupaswa kufunguliwa. Wapo wanaojibu kwa kutaja ibara ya 40, inayosema ndoa ni ya watu wa jinsia mbili tofauti. Ni kweli inasema hivyo. Lakini ibara hiyo inaeleza nani ataandikishwa ndoa na serikali. Haisemi nani apigwe, afukuzwe au afungwe.

Juni 2024 waziri wa Sheria wa wakati huo, Constant Mutamba, aliwaagiza waendesha mashitaka wawafungulie kesi wanaofanya mapenzi ya jinsia moja. Agizo la waziri halitungi kosa. Kosa hutungwa na sheria, na sheria hiyo haikuwepo siku agizo lilipotoka.

Husemwa pia kwamba kuwaacha watu hawa ni kufuata Wazungu. Historia ya mipaka ya eneo hili inasema vingine. Waliopeleka katazo la mapenzi haya Zambia, Kenya na Uganda ni Waingereza, katika sheria zao za kikoloni. Wabelgiji hawakuliandika Kongo. Zambia, ng'ambo ya mpaka wa kusini wa Lualaba, bado inatumia vifungu hivyo, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Uganda ilizidisha mwaka 2023 kwa sheria yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Upande wa pili, reli inayopita Mutshatsha inaelekea Dilolo na kuingia Angola hadi bandari ya Lobito, na Angola imeifuta sheria ya Wareno: Kanuni yake mpya ya Adhabu ilianza kutumika Februari 2021, nayo inamwadhibu anayemnyima mtu kazi kwa sababu ya mwelekeo wake wa kijinsia. Kenya haijafuta vifungu vyake, lakini Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba watu hawa wana haki ya kuandikisha chama chao. Kongo yenyewe imefungwa na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu tangu 1987, na Tume inayousimamia ilipitisha Luanda, mwaka 2014, azimio la 275, linalozitaka serikali zikomeshe ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya mwelekeo wao wa kijinsia.

Mahakama iko mbali, hata hivyo. Jirani yuko karibu. Katika miji ya shaba mtu hupimwa kwenye kilio. Maiti ikilala nyumbani, viti vinaazimwa, makala yanaletwa, wanawake wanapika bukari, na daftari la michango linapita mkono kwa mkono: jina, franka, jina, franka. Anayelipa anahesabiwa kuwa mtu wa mtaa. Ndiyo maana pigo kubwa kuliko kasho ni siku daftari linapomruka mtu aliyekuwa akichanga miaka yote, au msiba unapomfika mama yake na viti vikabaki vitupu. Mshikamano unaohitajika Mutshatsha hauna bendera wala maandamano. Ni kiti kukaliwa.

Mkoa huu unajua jinsi jirani anavyogeuzwa mgeni. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, ambayo wakati huo ilijumuisha Lualaba, Likasi kwanza, kisha Kolwezi. Familia zilizokuwa na wajukuu waliozaliwa huku zililala stesheni zikingoja treni. Kabla ya moto na fimbo lilitangulia neno: waliitwa bilulu, wadudu. Mambo hayo mawili hayalingani kwa ukubwa, na hapana haja yalingane. Kinachofanana ni mwanzo wake, pale neno linaposemwa sokoni na hakuna anayelipinga.

Makanisa yana sauti kubwa hapa. Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alikataa kubariki wapenzi wa jinsia moja, na hilo ni la kanisa kuamua. Lakini Katekisimu ya Kikatoliki ya 1992 inataka watu hao hao wapokewe kwa heshima bila kubaguliwa kwa dhuluma. Kukataa baraka na kuruhusu kipigo ni mambo mawili. Ubaguzi huu unagusa afya pia: sheria ya Julai 14, 2008 inakataza kumbagua mwenye virusi vya UKIMWI, lakini anayeogopa kutajwa jina kwenye foleni ya zahanati haendi kupima, na virusi husafiri na malori ya shaba vilevile.

Bukavu lipo shirika la kutetea haki hizi lenye neno la Kiswahili katika jina lake, Rainbow Sunrise Mapambazuko. Kinachoombwa kwa ofisi ya Msimamizi hakihitaji shirika, bajeti wala sheria mpya. Tangazo la Kiswahili libandikwe kwenye kila kituo cha polisi na stesheni, likitaja saa 48, haki ya kuambiwa kosa, na kwamba amandi isiyo na risiti ni wizi. Daftari la waliozuiliwa lijazwe kila anapoingia mtu, hata akikaa saa moja, ili mwendesha mashitaka akija kukagua akute jina na sababu. Na shefu wa kijiji au wa mtaa, akiletewa ombi la kumfukuza mpangaji kwa maneno ya watu, aulize kwanza kodi imelipwa hadi mwezi gani.