Wangu au Wako?

Jioni moja nilisimama kando ya kiwanja kimoja kisiwani Mombasa, si mbali na Mji wa Kale, nikiwatazama wanafunzi wakisakata kandanda. Mpira mrefu ukaanguka baina ya mlinzi na mlinda lango. Mlinda lango akapaza sauti: "Wako!" Mlinzi akasikia "Wangu!", akampisha mwenzake, na mpira ukajiendea wavuni. Mwalimu wao aliwakemea mbele ya watu kuwa ni wajinga na wavivu.

Kwa maoni yangu, hukumu hiyo haikuwa ya haki. Kosa halikuwa la akili wala la miguu, bali la lugha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo basi, katika "wangu" na "wako", silabi isikikayo zaidi ni ile ile moja, "wa". Inayotenganisha maana ni silabi ya mwisho, nayo ndiyo hafifu, humezwa na upepo na kelele za watazamaji. Maneno yenye maana kinyume yamevaa kanzu moja!

Mchezo wa besiboli, upendwao mno Marekani na Japani, una funzo hapa. Mpinzani aliye kituo cha kwanza anapotazamiwa kukimbilia cha pili kwa hila, walinzi wawili wa kiwanja cha ndani hupatana mapema ni nani atakayekilinda kituo hicho. Aghalabu mmoja huficha kinywa nyuma ya glavu: kikifumbwa maana yake "mimi", kikiachama maana yake "wewe". Ishara hizo hazifanani hata chembe, na mpinzani hazioni. Mpira ukipaa juu, mmoja huuita, na wenzake humpisha. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Walimu wenzangu, hatuhitaji besiboli ili tunufaike na hekima hiyo. Kabla ya kipenga, timu na ipatane: auchukuaye mpira aseme "Mimi!", amwachiaye mwenzake alitaje jina la mwenzake. Wenye majina yanayokaribiana wapewe ya utani. Kisha miito hiyo ifanyiwe mazoezi kama yafanyiwavyo mikwaju ya penalti. Nanyi wanafunzi, msione haya kusemezana uwanjani.

Mlinda lango yule hakunyamaza; alisema, tena kwa sauti kubwa. Alichokosa ni neno lililo wazi, nalo ni sisi walimu tuliopaswa kumpa.